Kufunga si Kukomea: Istilahi za Hitilafu za Umeme katika Vitasa vya Magari

Orodha za istilahi ambazo Baraza limekuwa likizitoa tangu matoleo ya kwanza ya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970 zimejengwa zaidi kwa nomino. Mtafsiri anayetafuta jina la kifaa aghalabu hulipata, au hupata lililo karibu nalo. Akitafuta neno la kueleza jinsi kifaa hicho kinavyoharibika, mara nyingi hurudi mikono mitupu. Upungufu huo hauonekani sana katika fani ambazo kazi yake kubwa ni kutaja vitu, kama vile mimea au viungo vya mwili. Katika ufundi wajitokeza mara moja, kwa maana fundi anayetafuta ubovu haanzi na jina la kitu. Huanza na tendo ambalo kitu hicho kimeshindwa kulitenda. Makala hii yachunguza mfano mmoja mdogo, nao ni vitasa vya umeme vya milango ya magari, na maneno yachunguzwayo ni yale yatumiwayo na mafundi na madereva wa Kirando, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa.

Yafaa nieleze kwa nini Kirando. Mji huo uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali Sumbawanga, makao makuu ya mkoa, iko uwandani juu ya mita 1,700. Gari litokalo Kirando kwenda Namanyere au Sumbawanga halina budi kupanda, na kila lirudipo hushuka kwa njia hiyohiyo, likitikisika na kujaa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Magari yenyewe mengi yalianza maisha yao Japani, na vibandiko vya kisanduku cha fyuzi bado vimeandikwa kwa herufi za huko. Fundi wa Dar es Salaam akikwama hujificha nyuma ya Kiingereza. Fundi wa Kirando hana pa kujificha: humweleza hitilafu mvuvi, mwalimu, mchuuzi wa dagaa, au mgeni aliyevuka ziwa kutoka Kongo, na lugha waliyonayo wote kwa pamoja ni Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili hapo hutakiwa kufanya kazi yote, na hapo ndipo mtu anaweza kuona kinafaulu wapi na kinapwaya wapi.

Wala tusidhani kwamba istilahi za ufundi ni jambo geni kwa Wafipa. Waliyeyusha chuma kwa karne nyingi hadi karne ya 20, nao walitofautisha kwa jina tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma, yaani ilungu, na tanuri dogo la kusafishia chuma hicho, yaani kintengwe. Mahali ambapo hatua mbili za kazi zilihitaji kutofautishwa, lugha ilizitofautisha.

Sasa tuutazame mtambo wenyewe. Katika gari dogo la kawaida lenye betri ya volti 12, dereva akibonyeza swichi iliyo mlangoni kwake, amri huenda kwenye kisanduku cha kuongozea au kwenye rilei, nayo hupeleka umeme kwenye mota ndogo iliyo ndani ya kila mlango. Mota hiyo ina nyaya mbili. Gari likiwa limetulia, nyaya zote mbili huwa zimeunganishwa na bodi ya gari. Amri ya kukaza ikitolewa, mmoja hupewa umeme na wa pili hubaki kwenye bodi. Amri ya kuachia ikitolewa, mambo hugeuzwa, na mota huzunguka upande wa pili. Nyaya hutoka kwenye nguzo ya gari na kuingia mlangoni kupitia mpira wenye mikunjo, na hapo ndipo hupindwa kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, mara maelfu kwa maelfu, mpaka shaba inachoka na kukatika ndani ya ganda lake bila ya mtu kuiona. Mtambo mzima mafundi wa Kirando huuita sentaloki, nami sioni sababu ya kupigana na neno hilo gereji. Katika maandishi ya kiofisi tunaweza kuandika vitasa vya pamoja. Mota yake, hata hivyo, isiitwe mota ya mlango tu, kwa kuwa mlango huohuo una mota ya kioo. Iitwe mota ya kitasa. Mambo ya nomino yanaishia hapo, na hayakuwa magumu.

Ugumu unaanza na kitenzi funga. Mtu akirudisha mlango ukagusa fremu, ameufunga. Akisukuma mpaka ulimi wa kitasa ukanasa, ameufunga. Akibonyeza rimoti ili asiye na ufunguo asiweze kuingia, ameufunga vilevile. Na kinyume chake, fungua, hubeba mzigo huohuo wa maana tatu. Katika mazungumzo ya nyumbani hakuna anayepata hasara, kwa sababu wasemaji wote wauona mlango. Katika fomu ya matengenezo msomaji hauoni mlango.

Dereva mmoja wa gari la kubebea wagonjwa katika ukanda ule, ambaye mwajiri wake hana haja ya kutajwa, aliandika katika fomu kwamba mlango wa pembeni haufunguki. Gari likapandishwa uwandani. Karakana iliyolipokea iliyasoma maneno hayo kama ambavyo yeyote angeyasoma: ikatia grisi kwenye bawaba, ikarekebisha hendo na ulimi wa kitasa, ikajaribu mlango ukafunguka, ikalirudisha gari. Siku chache baadaye, usiku, mama aliyekuwa katika uchungu wa uzazi alifikishwa hospitali na mlango ukakataa. Ilibidi apitishwe juu ya viti hadi mlango wa dereva. Mama na mtoto walisalimika, lakini gari lilipanda mlima mara ya pili kwa sababu ya kitenzi. Ubovu ulikuwa katika waya mmoja ndani ya mpira wa mikunjo, na kitasa kilikuwa kikikaza bila ya kuachia. Dereva alijua tangu mwanzo kwamba hendo haikuwa na lawama. Aliusikia mlango ukikaa kimya ilhali milango mingine ikilia. Lakini fomu ilimpa nafasi ya mstari mmoja, na lugha iliyosanifiwa haikumpa kitenzi cha kuujaza.

Nasema lugha iliyosanifiwa, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kina vitenzi hivyo tangu zamani. Mlango uliorudishwa bila ya kukazwa umeshindikwa. Mlango uliokazwa kwa komeo umekomewa, na ukiondolewa komeo umekomolewa. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, na wazee wa pwani huyatumia bila ya kujikaza. Kilichotokea ni kwamba wakati wa kuandika habari za magari hatukuyakumbuka, tukaridhika na funga kwa sababu ndilo lililotangulia mdomoni.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba shindika lina ndugu yake sindika, ambalo siku hizi limechukuliwa na viwanda, kiasi kwamba mtu wa Kirando akilisikia huwaza samaki na mafuta ya alizeti kabla ya mlango. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana nashauri umbo lenye sh lishikiliwe kwa mlango na lile lenye s liachiwe viwanda. Ya pili ni kwamba komea lina maana nyingine, ile ya kufika mwisho, kama tusemapo kuwa safari imekomea Namanyere. Hili halinisumbui: safari haina kitasa, na mlango hausafiri peke yake. Ya tatu ndiyo inayochekesha. Kumkomoa mtu, katika Kiswahili cha leo, ni kumtia adabu au kumfanyia jambo la kumwumiza kwa makusudi, na dereva atakayeandika kwamba mlango haukomoki atachekwa na wenzake. Na acheke naye. Maneno mengi ya ufundi yalianza kwa kuchekwa, na kicheko hudumu muda mfupi kuliko fomu isiyoeleweka. Asiyetaka kuchekwa aandike kitasa hakiachii, maana muhimu hapa ni kitasa kitajwe kuwa ndicho mtenda, na mlango uachwe pembeni. Kuna pia kile kitenzo kidogo kilichopo ukingoni mwa milango ya nyuma ya magari mengi, ambacho kikiteremshwa humzuia mtoto kufungua kutoka ndani ingawa nje mlango hufunguka. Kimewahi kumfanya mtu asiyekifahamu akafungua gamba zima la mlango akitafuta ubovu usiokuwepo. Swali la kwanza la fundi basi liwe kama mlango unagoma kutoka ndani, kutoka nje, au kotekote.

Tukitoka kwenye mlango na kuingia kwenye umeme, neno linalotawala ni shoti. Gari limepiga shoti, mlango una shoti, fyuzi imekufa kwa shoti. Kama lingetumika kwa maana moja ningelikaribisha bila ya masharti, kwa kuwa ni fupi, limeswahilishwa vema, na linajulikana mpaka vijijini. Tatizo ni kwamba hutumika kwa kila hitilafu ya umeme, zikiwamo mbili zilizo kinyume kabisa. Waya wa umeme ukichubuka na kugusa bodi kabla haujafika kwenye mota, umeme hupata njia ya mkato, mkondo huwa mkubwa kupita kiasi, na fyuzi huungua ili kulinda mengine. Waya ukikatika, umeme hukosa njia, mkondo huwa sifuri, na fyuzi hubaki nzima. Fundi makini hutazama fyuzi kwanza kwa sababu hiyo hasa: fyuzi iliyoungua humwelekeza kutafuta mguso, fyuzi nzima humwelekeza kutafuta mkatiko. Mwenye gari anayeambiwa shoti katika hali zote mbili hana njia ya kujua kama ananunua fyuzi, waya wa nusu mita, au mota mpya. Wapo waliouziwa mota mpya kwa ajili ya waya uliokatika, na mota ile ya zamani ikaja kuuzwa kwa mtu mwingine ikiwa nzima.

Shoti, kwa hiyo, lirudishwe kwenye maana yake: umeme kupita njia ya mkato. Mtafsiri ajihadhari na kishawishi cha kuandika mzunguko mfupi. Tafsiri hiyo yafuata neno na kuacha jambo, kwani urefu wa waya hauhusiki; njia ya mkato inaweza kuwa ndefu, mradi tu imeuepuka mzigo. Kwa hitilafu ya pili tunalo kukatika, na nomino yake mkatiko itatosha. Watu watasema kwamba umeme hukatika pia pale Shirika linapozima laini. Ni kweli, lakini hapo kilichokatika ni umeme, na hapa kilichokatika ni waya au saketi. Mtenda hutofautisha.

Neno jingine ambalo mtafsiri aliyezoea ofisi litampoteza ni moto. Kwa mafundi, waya wa moto ni ule unaotoka upande chanya wa betri, na wakisema mlangoni hakuna moto, wanasema umeme haufiki. Mtu aliyekaa mezani akisoma katika ripoti kwamba nyaya za mlango wa kushoto zina moto, ataagiza gari lizimwe na mchanga uletwe. Lakini tusiwe wepesi wa kulilaumu neno hili. Umeme wenyewe ni jina la ile radi imulikayo mawinguni, na tuliliazima kwa nguvu itokayo kwenye betri bila ya mtu kulalamika. Wakenya wengi huiita stima, jina lililotokana na mvuke. Moto wa mafundi umefuata njia ileile ya kuazima. Ninachodai ni kwamba libaki gereji, na liandikwapo lisimame pamoja na waya tu, waya wa moto, lisisimame peke yake.

Katika jambo la tatu Kiswahili cha shule kina hazina ambayo gereji haijaifikia. Mwanafunzi hufundishwa mkondo, volti na ukinzani, na tangu 1990 iko kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Gereji vyote vitatu huitwa umeme, ukubwa wake ukiwa ni mwingi au mdogo. Hebu tuone gharama yake. Waya wa nyuzi nyingi umechoka ndani ya mpira wa mikunjo, nyuzi zote zimekatika isipokuwa moja. Fundi ameweka mita, msaidizi akabonyeza swichi, mita ikaonyesha volti 12 kamili. Fundi anatamka kwamba umeme upo, basi mota ndiyo mbovu. Hukumu hiyo ni ya uongo ingawa mita haikudanganya. Mita hunywa mkondo mdogo mno, na uzi mmoja wa shaba watosha kuupitisha. Mota hudai ampea kadhaa, na hapo ukinzani wa uzi ule mmoja huzila volti njiani, mota ikabaki na chache zisizoweza kuisukuma. Fundi mzee hatumii mita mahali hapa. Huweka taa ya kupimia yenye balbu, ambayo nayo ni mzigo, na ikiwaka kwa kufifia anajua kwamba njia ni mbovu hata kama mwisho wake una volti.

Kueleza tukio hilo kwa neno moja la umeme haiwezekani, kwa sababu umeme upo na haupo. Kulieleza kwa maneno ya shule kwawezekana kwa sentensi moja: volti hupotea njiani mzigo unapowashwa. Sipendekezi nomino hapa. Yeyote atakayependekeza mpomoko, mshuko au mdondoko wa volti atakuwa ametafsiri jina la jambo na kuliacha jambo lenyewe nje, nalo ni kwamba upotevu huo hauonekani mpaka mzigo udai. Sharti hilo lazima liwemo ndani ya istilahi, na kitenzi chenye kishazi cha -po- hulibeba bila ya taabu. Sarufi yetu imetupa chombo hiki, nasi twakiacha kwa kuogopa kwamba orodha itakuwa na safu pana.

Kuhusu ethi nitasema machache. Wapo watakaotaka tuandike waya wa ardhi. Katika nyumba ni sawa, kwani mle waya hushuka hadi kwenye fimbo iliyochomekwa udongoni. Gari limesimama juu ya mipira, na ethi yake haigusi ardhi mahali popote. Ni bodi tu, chuma kilichogeuzwa kuwa njia ya kurudia. Mafundi wengine husema waya wa bodi, na hawa wametushinda.

Hatari kubwa zaidi inakuja na mashine za kupimia magari, ambazo sasa zimefika hata katika miji midogo. Mashine husoma alama ya hitilafu iliyoanza na herufi, P kwa injini na giaboksi, C kwa breki na usukani, U kwa mawasiliano ya kompyuta za gari, na B kwa mambo ya bodi, vikiwamo vitasa. Chini ya alama huja maelezo mafupi ya Kiingereza. Sasa, katika Kiingereza cha ufundi, saketi iliyokatika hupewa neno lilelile la mlango ulio wazi, na saketi iliyokamilika hupewa neno la mlango uliofungwa. Mtafsiri asiyejua jambo atatuandikia kwamba saketi ya kitasa cha mlango wa nyuma iko wazi. Msomaji ataelewa kwamba mlango haukukomewa, atakwenda kuujaribu, ataukuta umekaza kama mwamba, na ataamua kwamba mashine ni mbovu. Hapa makosa mawili ya makala hii yamekutana katika mstari mmoja: kufunga kulikobeba mengi, na kukatika kulikokosa jina. Ndiyo sababu nasisitiza saketi iliyokatika, na siwezi kukubali saketi wazi hata kama imekwisha kuingia katika baadhi ya vitabu vya kufundishia, madhali mlango nao uko katika sentensi hiyohiyo.

Imebaki hitilafu iliyo ngumu kuliko zote kuitafuta. Mlango ukiwa umefunguliwa, kitasa hutii, ukifungwa, hukataa. Gari likiwa limepoa hutii. Likitikiswa njiani hukaza na kuachia lenyewe mara tatu mfululizo. Ncha mbili za waya uliokatika zinagusana na kuachana kadiri mpira unavyokunjwa. Katika orodha zetu sijaiona istilahi ya hali hii, na nimewasikia wenzangu wakipendekeza hitilafu ya vipindi, ambayo mwalimu wa shule ataifikiria ratiba ya masomo. Kirando husema inashika na kuachia. Ni sentensi nzima, ina vitenzi viwili na haina nomino hata moja, na kwa kanuni tulizonazo haiwezi kuingia katika safu ya istilahi. Naomba iingizwe ilivyo.